Wajue Nondo wa Mara: Kila Mmoja Ana Kwao

Mvua za kwanza zinapoanguka katika Mkoa wa Mara, na ardhi iliyokauka ikaanza kutoa harufu yake, hapana nyumba yenye taa isiyopata wageni usiku. Huja mmoja, huja kumi, na mara nyingine huja makundi kwa makundi, wakijipigapiga kwenye kioo cha taa, wakitumbukia katika bakuli la uji na kuacha vumbi la mbawa zao juu ya kitambaa cha meza. Watoto hufurahi, mama hukasirika, baba huzima taa. Asubuhi wageni hao hufagiliwa mbali pamoja na takataka nyingine, na habari yao huishia hapo.

Ndugu msomaji, makala haya yanakuomba uuweke ufagio kando kwa muda. Wageni hao ni nondo. Tunaposema nondo hatukusudii vyuma vya kujengea zege, bali wale wadudu wa usiku walio ndugu wa vipepeo. Kati ya hao walioanguka chini ya taa yako, yamkini yumo mmoja ambaye uzao wake utaumaliza mtama wa wazazi wako kijijini kabla ya mwezi kwisha. Yumo mwingine wa jamii ile iufanyayo mpapai wa jirani uzae. Na wengi waliobaki hawana dhara lolote kwa mtu wala kwa mali yake. Kuwapambanua si kazi ya wataalamu peke yao. Ni jambo la chakula, la fedha na la afya ya nyumba, hasa kwa wale wafanyao kazi mjini Musoma huku shamba la familia likiwa Bunda au Butiama.

NONDO NI MDUDU GANI?

Wataalamu wa wadudu wamekwisha kuwapa majina aina zipatazo 160,000 za vipepeo na nondo duniani kote. Katika hesabu hiyo vipepeo wa mchana hawafiki 20,000; wote waliosalia ni nondo. Kwa hiyo si kweli kwamba nondo ni kipepeo aliyekosa urembo. Ukweli ni kwamba kipepeo ni tawi dogo tu la ukoo mkubwa wa nondo, tawi lililochagua kuruka mchana.

Kuwatofautisha si vigumu. Kipepeo ana vipapasio vyembamba vyenye kirungu nchani. Nondo ana vipapasio kama uzi au kama unyoya, wala havina kirungu. Kipepeo akitua aghalabu husimamisha mbawa zake na kuzikutanisha mgongoni; nondo huzilaza kama paa la nyumba au huzitandaza. Tena mwili wa nondo huwa mnene na wenye manyoya mengi zaidi. Wakazi wa Musoma wawe waangalifu hapa. Yale mawingu ya wadudu yainukayo juu ya Ziwa Victoria kama moshi na kuvamia taa za mjini si nondo. Hao ni visubi wa ziwani, ambao huzaliwa majini na hawana haja na shamba la mtu.

Maisha ya nondo yana hatua nne: yai, kiwavi, pupa na mdudu kamili mwenye mbawa. Katika hatua hizo, alaye majani, nafaka na nguo ni kiwavi peke yake. Nondo mzima hunyonya utomvu mtamu wa maua kwa mrija wake, na wako wengine, kama wale nondo wakubwa wenye alama za macho juu ya mbawa, ambao wakishakuwa wazima hawali kitu kabisa. Huishi siku chache kwa akiba ya mafuta waliyoikusanya walipokuwa viwavi, hutafuta mwenzi, hutaga mayai na kufa.

Shika jambo moja, kwani ndilo ufunguo wa makala haya: kiwavi hali kila kitu. Aina moja hula nyasi na nafaka tu, nyingine hula mmea wa pamba na jamaa zake, nyingine manyoya na pembe. Kwa hiyo kila nondo ana kwao. Ukijua mmea ulioota mahali, mwinuko wa ardhi, na majira ya mvua, unaweza kukisia ni nondo yupi atakuwapo. Na ukijua nondo aliyepo, unaweza kukisia litakalofuata. Hebu basi tuufuate mkoa wetu, tukianzia ufukoni.

MUSOMA: KABATI, UKUTA NA MPAPAI

Mji wa Musoma umekaa kwenye rasi iingiayo ziwani. Hapa mjini nondo wa kwanza wa kuchunguzwa wamo ndani ya nyumba. Tazama ukutani, nyuma ya kabati au pembeni mwa dari. Huenda ukaona kifuko kidogo cha rangi ya kijivu, bapa kama mbegu ya boga, ambacho kikiguswa hutulia, na kikiachwa hutambaa polepole. Ndani yake mna kiwavi wa nondo wa jamii ya walao nguo. Huishona nyumba yake kwa hariri na vumbi, na hula manyoya, nywele zilizoanguka na tandabui.

Watu wengi humlaumu yule nondo mdogo wa rangi ya majani makavu arukaye kutoka kabatini, wakidhani ndiye aliyetoboa suti ya baba. Huyo hana hata kinywa cha kutafunia. Walioitoboa suti ni watoto wake, nao huitafuta nguo ya sufi au ya manyoya, hasa yenye jasho na madoa ya chakula. Shati la pamba tupu au la nailoni haliwafai. Dawa ya kwanza ni usafi: nguo ya sufi ifuliwe kabla ya kuhifadhiwa, ianikwe juani na kukung'utwa, na kabati lifagiliwe hadi pembeni. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hapa methali hiyo ni kweli neno kwa neno.

Uani mambo ni tofauti. Jua linapozama, mwenye mpapai wenye maua asimame kimya karibu nao. Akibahatika atawaona nondo wakubwa wenye miili minene na mbawa nyembamba za kasi, wanaosimama hewani mbele ya ua kama afanyavyo ndege chozi, mrija ukiwa umenyooshwa. Mipapai mingi ni ya kiume au ya kike mbalimbali, na pasipo mdudu wa kubeba chavua kutoka ule wa kiume, ule wa kike hauzai vizuri. Uchunguzi uliofanywa nchini Kenya na kuchapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kazi hiyo hufanywa zaidi na nondo wa jamii hii, na kwamba mashamba yaliyo karibu na vichaka vya asili hutembelewa nao zaidi kuliko yaliyo mbali. Kwa hiyo mwenye kufyeka kila kichaka kinachozunguka shamba lake hujipunguzia mapapai bila kujua.

Katika jamii hiyo hiyo yumo nondo ambaye viwavi wake wenye pembe moja nyuma hula majani ya viazi vitamu. Yumo pia yule mwenye alama kama fuvu la kichwa cha mtu mgongoni, ambaye akishikwa hutoa sauti ya kulia kama panya. Wengi humwogopa na kumwona mjumbe wa mauti, lakini hana sumu wala haumi. Kosa lake kubwa ni wizi, kwani huingia usiku katika mzinga wa nyuki na kunywa asali.

Na kwa nini nondo huijia taa? Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba wanaidhani ni mwezi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2024, uliofanywa kwa kamera za kasi kubwa, umetoa maelezo mengine. Mdudu arukaye usiku hujua juu ni wapi kwa kuuelekeza mgongo wake kwenye nuru ya anga. Akikutana na taa huielekezea mgongo, akapinda njia yake, akazunguka na kuzunguka pasipo kuweza kutoka. Kwa hiyo nondo wa barazani hakuja kwa kupenda, amenaswa. Ukitaka kuwapunguza, tumia taa ya nuru ya manjano badala ya nyeupe, na uizime usipoihitaji.

BUNDA: PAMBA MASHAMBANI, PEMBE NYIKANI

Ukiondoka Musoma kwa barabara kuu ya Mwanza, huchukui muda mrefu kufika Bunda, na hapo nchi hubadilika. Upande mmoja yako mashamba ya pamba. Upande wa pili, kupita lango la Ndabaka, nyika ya Serengeti inasogea karibu na ziwa. Na nondo nao hubadilika.

Adui mkuu wa pamba hapa ni funza wa vitumba, ambaye wataalamu humwita Helicoverpa armigera. Nondo wake ni wa kadiri, wa rangi ya kahawia au ya kijani iliyofifia. Jike mmoja huweza kutaga mayai zaidi ya elfu moja, moja moja, katika sehemu changa za mmea. Kiwavi akishaanguliwa hutoboa chipukizi, ua na hatimaye kitumba, na kitumba kilichotobolewa huoza au hupukutika. Funza huyu hali pamba tu. Hula pia mahindi mabichi, mtama, dengu, nyanya, na hata mgagani uotao wenyewe pembeni mwa shamba.

Mambo hayo yamechunguzwa kwa makini katika Kanda ya Ziwa kwa sababu ya kituo cha utafiti wa pamba cha Ukiriguru, karibu na Mwanza. Mwaka 1965 mtaalamu W. Reed alichapisha maelezo marefu juu ya maisha ya funza huyu katika magharibi ya Tanganyika ya wakati huo, na mwaka 1988 B. T. Nyambo alionyesha jinsi wingi wake katika pamba unavyotegemea mimea mingine iliyo jirani na wakati inapochanua. Funzo kwa mkulima wa Bunda ni kwamba shamba la pamba halisimami peke yake. Mahindi ya jirani na magugu ya njiani ni sehemu ya hesabu. Tena kabla ya kunyunyiza dawa yafaa kupita shambani na kuhesabu mayai na funza, maana dawa inayopigwa kwa kalenda huwaua pia buibui, nyigu na siafu ambao kila siku hula mayai ya adui bila kudai malipo.

Yuko pia funza mwekundu, mdogo lakini mjanja. Huyu hujificha ndani ya mbegu na katika vitumba vilivyoachwa shambani, akangoja huko hadi msimu mwingine. Ndiyo sababu wakulima wa kanda hii huagizwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba kabla ya Septemba 15. Mkulima anayeyaacha maotea yake yasimame hadi mvua huwalea funza wa kijiji kizima, na hasara yake humwangukia jirani aliyetii.

Hapa tuone jinsi kujua makao ya nondo kunavyoweza kulinda mkoa mzima. Kusini mwa Afrika yuko funza mwingine wa vitumba, Diparopsis castanea, ambaye hutegemea pamba na jamaa zake wa karibu. Ili asisafiri kutoka shamba hadi shamba kuja kaskazini, serikali ilitenga eneo la mikoa ya kusini mwa Tanzania ambako kilimo cha pamba kilikatazwa. Eneo hilo lisilo na pamba limekuwa kama boma: nondo akifika na kukosa mmea wake, safari yake inakoma. Mkulima wa Bunda huenda hajapata kuliona boma hilo, lakini limechorwa kwa ramani ya nondo, na pamba yake imekuwa ikikingwa nalo.

Tukielekea Serengeti tunakutana na nondo wa ajabu kuliko wote. Wapitao nyikani huona pembe za nyumbu na swala waliokufa zikiwa zimeota vijirija vya udongo na kinyesi, kama vidole vilivyochomoza. Ni kazi ya viwavi wa Ceratophaga vastella, ambao hula pembe yenyewe, kitu ambacho fisi na tai hukiacha. Huyu ni jamaa wa karibu wa wale walao sufi kabatini, kwa kuwa pembe, kwato, nywele na manyoya vyote vimeumbwa kwa kitu cha namna moja. Pasipo yeye pembe zingekaa nyikani muda mrefu zaidi. Yeye huzirudisha ardhini zikawa mbolea ya majani. Mgeni wa hifadhi atosheke kuzitazama, kwani kuokota pembe na kuondoka nayo ni kosa kisheria.

Watoto wa Bunda nao wana nondo wao wa kuchekesha. Katika migunga huning'inia vifuko vilivyofumwa kwa vijiti vilivyokatwa kwa kipimo, kana kwamba fundi amepanga kuni. Ndani yake anaishi kiwavi atembeaye na nyumba yake. Jike wa aina nyingi za jamii hiyo hapati mbawa maisha yake yote. Hungoja humo kifukoni, dume huja kumtafuta.

BUTIAMA: NAFAKA NA JESHI LA USIKU

Kutoka Bunda turudi kaskazini hadi Butiama, katika nchi ya Wazanaki yenye mawe makubwa na mashamba ya mtama, ulezi, mahindi na mihogo. Jina la kijiji hiki linajulikana duniani kwa kuwa hapo ndipo alipozaliwa Mwalimu Julius Nyerere mwaka 1922 na ndipo alipozikwa mwaka 1999. Kwa makala ya leo tunakitazama kama kijiji cha wakulima na wafugaji, kwa sababu nondo wa kuogopwa zaidi katika nchi ya namna hii ni yule wa viwavijeshi.

Jina lake la kitaalamu ni Spodoptera exempta. Nondo wake ni wa kijivu na kahawia, mdogo, asiyevutia macho, wa aina ile ile ifagiliwayo kila asubuhi. Lakini huyu ni msafiri. Huinuka usiku, akabebwa na upepo mamia ya kilometa, na pale pepo zinapokutana na mvua kubwa ikanyesha, nondo waliokuwa wametawanyika hukusanyika na kushuka mahali pamoja. Husemwa kwamba viwavijeshi huanguka na mvua. Wasemao hivyo hawako mbali na ukweli: waangukao na mvua ni mama zao.

Jike hutaga mayai kwa mafungu, hata kufikia mamia katika fungu moja. Mayai huanguliwa kwa siku mbili hadi tano. Viwavi wakiwa wachanga ni wa kijani na wadogo, tena hukaa ndani ya majani, hivyo mkulima hupita bila kuwaona. Wakisongamana hugeuka weusi wenye mistari, wakatoka hadharani na kuanza kula mchana na usiku. Ndipo kilio kinaposikika kijijini. Katika mita moja ya mraba wanaweza kuzidi elfu moja. Baada ya siku chache huingia udongoni, wakawa pupa, na hatimaye nondo wapya wakaruka na kuondoka.

Ndugu msomaji, fanya hesabu hii mwenyewe. Anayestuka alipoona viwavi weusi amebakiwa na siku chache tu, na mara nyingi dawa anayoinunua kwa fedha za ada ya mtoto huipiga wakati viwavi wanakaribia kuingia udongoni, yaani huipiga bure. Aliyemwona nondo na kujua maana yake amepata karibu wiki mbili. Katika wiki hizo mbili anaweza kukagua majani kila asubuhi, kuwapa habari majirani, kumwita bwana shamba na kutafuta dawa ingali inafaa.

Hilo si jambo la kufikirika tu. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Afrika Mashariki, wakiwa na makao yao Muguga nchini Kenya, walieneza mitego ya taa katika nchi zetu ili kuhesabu nondo kila usiku. Kwa hesabu hizo walitambua kwamba milipuko ya msimu aghalabu huanza mapema katika sehemu kama Dodoma na Morogoro, kisha vizazi vinavyofuata husukumwa na pepo kuelekea kaskazini, hadi Kenya na Ethiopia. Baadaye mitego ya taa ilifuatwa na mitego yenye harufu ya jike ambayo huwavuta madume wa aina hiyo peke yao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika Wilaya ya Kilosa, kazi ya kuhesabu na kutabiri iliwekwa mikononi mwa wanavijiji wenyewe: mtego, kipimo cha mvua, na mtu aliyechaguliwa wa kusoma na kutangaza. Mkulima wa Butiama asikiapo redioni kwamba viwavijeshi wamezuka Dodoma, asiseme huko ni mbali. Dalili ya mvua ni mawingu.

Yako mambo mawili zaidi ya kukumbukwa. La kwanza, viwavijeshi hula nyasi na nafaka tu. Mihogo, maharage na viazi vitamu huvipita, hivyo familia yenye shamba la mihogo kando ya mtama haiachwi mikono mitupu. La pili linawahusu wafugaji. Imeripotiwa mara kadhaa kwamba ng'ombe hufa wakilishwa malisho yaliyotoka kushambuliwa na viwavijeshi. Majani hayo yaachwe kwanza yachipue upya.

MLIMANI NA TAMBARARE

Mwinuko nao una sheria yake, na hili huonekana vizuri katika viwavi watoboao mabua ya mahindi na mtama. Mwenyeji wa Afrika, Busseola fusca, hupendelea nchi za juu zenye ubaridi. Kwa hiyo nyanda za Tarime, kaskazini mwa mkoa, ni kwao hasa. Mwenzake, Chilo partellus, alitoka Asia, akaonekana Malawi mwaka 1932, kisha akaenea Afrika Mashariki. Yeye ni mtu wa joto, na hupatikana zaidi chini ya mita 1,500. Ukanda wa Ziwa uko katikati, ndiyo maana huko wote wawili hukutwa, pengine katika shamba moja.

Ng'ambo ya mpaka, mjini Mbita kwenye ufuko wa Kenya, kiko kituo cha taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE, iliyoanzishwa mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Wataalamu wake, wakishirikiana na wenzao wa Uingereza, waliivumbua njia ya sukuma-vuta. Katikati ya mahindi hupandwa desmodiamu, mmea ambao harufu yake huwafukuza nondo na ambao pia huzuia gugu la kiduha. Pembezoni hupandwa mabingobingo, ambayo huwavuta nondo wakatage huko, na viwavi wengi hufia humo. Mkulima hupata nafaka, na ng'ombe wake hupata malisho. Taasisi hiyo hiyo ilifungulia Kenya mwaka 1993 nyigu mdogo kutoka Pakistan, ambaye hutaga mayai ndani ya kiwavi wa Chilo na kumwua.

Kisha alikuja mgeni wa karibuni. Kiwavijeshi vamizi, Spodoptera frugiperda, ni mzaliwa wa Amerika. Alionekana Afrika Magharibi mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amekwisha kuingia Tanzania. Usimchanganye na yule wa zamani. Huyu haandamani kwa jeshi. Hujichimbia ndani ya kikonyo cha mhindi, mara nyingi mmoja katika kila mmea, na huacha kinyesi kama unga wa mbao. Kichwani ana alama kama herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne yaliyopangwa kwa mraba. Dalili hizo hata mtoto wa darasa la tano anaweza kujifunza kwa asubuhi moja.

Mvamizi huyu amewafanya wengi wakimbilie dawa kali. Tunasisitiza: chupa ya dawa isigeuzwe kuwa ya mafuta ya kula, anyunyizaye avae nguo za kumkinga na anawe kabla ya kula, na watoto wakae mbali. Mmoja aliyezoea kuipima dawa kwa macho anaweza kuidhuru nyumba nzima kuliko funza.

ORODHA YA FAMILIA

Sasa tuseme jinsi familia, au shule, inavyoweza kufanya orodha yake ya nondo. Haihitaji mashine. Chukua shuka jeupe, litundike ukutani au kwenye kamba, weka taa nyeupe mbele yake, kisha ukae tangu saa moja hadi saa nne za usiku. Usiku wa mbalamwezi nondo huja wachache. Chagua usiku wa giza, wenye joto na usio na upepo mkali.

Katika daftari andika tarehe, mahali, kama mvua imenyesha, na mimea iliyo karibu: pamba, mahindi, migunga, mipapai au nyasi. Kila nondo mpe namba, andika urefu wake, rangi, na jinsi anavyolaza mbawa. Mwenye simu yenye kamera apige picha pamoja na rula. Usiwaue bila sababu; asubuhi waache waende. Ukipata kiwavi juu ya mmea, mweke katika chupa yenye mdomo mpana iliyofunikwa kwa chandarua, umlishe majani ya mmea ule ule uliomkuta nao, kisha ungoje atoke nondo. Asiguswe kwa mkono mtupu ikiwa ana manyoya au miiba, maana wako wawashao vibaya.

Fikiria familia tatu zenye udugu, moja Musoma karibu na ziwa, moja Bunda penye pamba, na moja Butiama penye mtama, zikiandika kwa namna hiyo kila juma kwa mwaka mzima. Mwisho wa mwaka zikikaa pamoja na madaftari yao zitaona nani yuko kila mahali, nani yuko mahali pamoja tu, nani alitangulia mvua na nani aliifuata. Hiyo ndiyo ramani ya nondo, na ndivyo ramani kubwa za wataalamu zilivyoanza: tarehe, mahali, na mtu aliyekesha kuandika. Mwaka wa pili ramani hiyo itaanza kusaidia, kwa kuwa familia ya Butiama itajua usiku upi si wa kawaida.

Na usiku huo usio wa kawaida ukija, nondo wa kijivu wakiwa wengi kuliko ilivyozoeleka na mvua ikiwa imetoka kunyesha, asubuhi yake apelekewe habari ofisa ugani wa kata au ofisi ya kilimo ya wilaya. Ziko mamlaka zenye wajibu huo, ikiwamo Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, lakini hazina macho katika kila kijiji. Wewe mfanyakazi wa mjini unayepata habari mapema, usingoje sikukuu ndipo uwaulize wazazi hali ya shamba. Piga simu leo, uwaambie wapite katikati ya mtama, wafunue majani, watazame kwa chini. Wakikuta mayai au viwavi wa kijani wasiozidi urefu wa ukucha, bado wanao muda.